Imeli yako ifunguliwe mbele yako

Lipo ombi moja ambalo dukani kwetu hapa Chake Chake tunalikataa, na tunajua linawaudhi wateja. Mtu anapita asubuhi kabla gari ya Konde haijaondoka, anaacha jina lake na tarehe ya kuzaliwa kwenye kikaratasi, anasema: "Nifungulieni imeli, nitapita jioni kuichukua." Tunamwambia hatuwezi. Akae kitini mwenyewe, simu yake mkononi, au arudi siku atakayokuwa na nafasi.

Wengine huona tunajivuna. Stesheneri nyingine wanafungua haraka, tena kwa bei ndogo. Ni kweli wanafungua, na baadaye wateja wale wale wanakuja kwetu wamekwama.

Alikuja binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, pamoja na baba yake. Ameomba chuo, na chuo kimemwambia majibu yametumwa kwa imeli. Paswedi aliyopewa ameiandika nyuma ya daftari la skuli, na haikubali. Tukabonyeza pale pa kusahau paswedi, Google ikasema itatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu ambayo namba yake inaishia na 47. Binti akamtazama baba yake. Baba akatoa simu mfukoni, akaigeuza, maana namba yake ameibandika nyuma kwa karatasi. Inaishia na 12.

"Sasa hii 47 ya nani, mwanangu?"

Ilikuwa ya kijana aliyemfungulia imeli, ambaye ameshahamia Unguja na laini ile haipatikani tena. Chuo kilikubali kubadilisha anwani yake baada ya simu nyingi, barua na nakala ya cheti. Imeli yenyewe haikurudi.

Nataka wateja wetu walielewe hili vizuri. Akaunti ya bure ya Gmail haina ofisi unayoweza kwenda na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ukasema mwenyewe ni mimi. Anayeamua ni programu. Inauliza namba ya simu iliyosajiliwa, imeli ya akiba, paswedi ya zamani unayoikumbuka, kisha inaangalia kama unaingia kwa kifaa na mahali ulipozoea kuingilia. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Imeli iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya duka, ikasomwa kila mara kwenye kompyuta ya duka, Google inaizoea kompyuta ya duka. Simu yako ni mgeni. Ukiongeza na namba ya simu ya muuza duka, basi yeye ana nafasi kubwa ya kuirudisha akaunti yako kuliko wewe.

Na barua ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Akaunti yako ya Facebook, Instagram ya biashara, ya kuombea mkopo wa elimu ya juu, ya maombi ya ajira, ya nyumba ya wageni uliyoiweka Booking.com, nyingi kati ya hizo ukisahau paswedi zinakutumia njia ya kuibadilisha kwa imeli. Mwenye kuishika imeli anazifuata hizo moja baada ya moja. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku: kama utakuwa na paswedi moja tu ya maana, iwe ya imeli, na isifanane na nyingine yoyote.

Kwetu inakwenda hivi. Tunakukabidhi kibodi. Kama kuchapa kunakupa taabu, chapa kidole kimoja kimoja, tutakusubiri. Chagua jina ambalo hutaona haya kulisoma mbele ya mwajiri. Nukta zisikusumbue, Gmail haizihesabu: ukiziweka au ukiziacha, barua inafika kwa mtu yule yule. Ila usiandike www mbele ya anwani ya imeli. Tunaona fomu nyingi za kazi zimejazwa hivyo, na mwombaji akakaa akisubiri jibu lisilokuja.

Kwenye paswedi nina msimamo. Ile desturi ya jina lako pamoja na 123, au mwaka uliozaliwa na alama ya mshangao mwisho, iacheni. Chukua maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili, uyaunganishe. Urefu unasaidia kuliko herufi kubwa na vialama vinavyokuchanganya mwenyewe, na hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika miongozo yake ya 2017 iliuweka urefu mbele na kuacha kulazimisha vialama. Kisha iandike kwenye daftari, uliweke kabatini nyumbani. Najua mmeambiwa msiandike paswedi popote. Lakini anayewinda imeli yako yuko mbali, pengine nchi nyingine, na kabati lako hataliona. Anayesahau paswedi ni wewe.

Halafu tunaingiza namba yako ya simu, na imeli ya akiba ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Tunawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani anayeingia kwa kifaa kigeni ataombwa paswedi, kisha na tarakimu zinazokuja kwenye simu yako. Google itakupa namba 10 za akiba za kutumia siku simu huna, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Tunakuchapia karatasi, tunafuta faili ukiwa unatazama. Mwisho unaingia kwenye simu yako palepale, na tunaitoa akaunti kwenye kompyuta yetu. Ukiondoka, dukani hakuna kinachobaki, hata paswedi hatuijui. Ukipigiwa simu na mtu anayekuomba umtajie zile tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi, kata simu, hata akisema anatoka kwetu.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wanaokwenda Oman kufanya kazi. Wanapata laini ya kule, ya hapa inakaa kwenye kikasha bila kutumika mpaka inafungwa, na namba iliyofungwa inaweza kupewa mtu mwingine. Siku simu inapoharibika Muscat na kulazimika kuingia upya, tarakimu zinakwenda kwa mtu wasiyemjua, huku Pemba au Mtwara. Badilisha namba kwenye akaunti kabla ya kusafiri, au ndani ya wiki ya kwanza ukifika, wakati ile ya zamani bado unayo.

Watu wananiuliza niwafungulie wapi, Gmail, Yahoo au Outlook. Mimi nazipenda hizi programu kwa ajili yake zenyewe na nimezifuatilia muda mrefu, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Hotmail ilianza tarehe 4 Julai 1996, Microsoft ikainunua mwaka uliofuata, na ndiyo leo Outlook.com. Ilikuwa ikitoa nafasi ya megabaiti 2 tu ya kuwekea barua. Yahoo ilitoa 4. Gmail ilipotangaza gigabaiti 1, yaani kama megabaiti elfu moja, tarehe 1 Aprili 2004, watu wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga. Kilichobadilika siku ile kilikuwa kikubwa kuliko nafasi: ulikuwa huna haja tena ya kufuta barua, na badala ya kupanga kwenye mafaili ulitafuta. Mpaka leo utafutaji wa Gmail ndio unaonifanya niipendekeze kwa watu wengi. Ndiyo pia iliyo tayari kwenye karibu kila simu ya Android inayoingia dukani, na inasomeka kwa Kiswahili.

Outlook ni nzuri kwa anayeshinda kwenye Word na Excel. Nafasi ya barua ni gigabaiti 15, lakini mafaili ya OneDrive, ghala lao la mtandaoni, yana gigabaiti 5 tu za bure, zinajaa upesi. Proton, ya Uswisi, iliyoanza 2014, inafunga barua kiasi kwamba hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma. Naiheshimu sana, na mwanasheria au mwandishi wa habari nitamshauri aitazame. Kwa mtu mwenye kusahau paswedi simshauri, maana ukiipoteza bila njia ya akiba, barua za zamani hazifunguki tena.

Yahoo ni mambo ya wazee wetu wa zama za intaneti kafe, na wengine bado wanazo. Wasizitupe, lakini wajue mambo mawili. Wizi wa data wa 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3, kama kampuni yenyewe ilivyokiri mwaka 2017. Kama paswedi yako ni ile ile ya wakati huo, ibadilishe leo. Pili, usipoingia kwa miezi 12 barua zinaweza kufutwa. Google nayo ina sheria yake: akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa yote, na walianza kuitekeleza Desemba 2023. Imeli uliyoifungua kwa ajili ya ombi moja la kazi ukaisahau, usishangae usipoikuta.

Sasa malalamiko yanayotuletea watu wengi kuliko yote: "Imeli yangu imejaa, hata barua sizipati." Mwalimu mmoja alituambia hawezi kuwa amejaza, kwani kwa mwezi hapati barua kumi. Tulipoangalia, barua zake zilikuwa hazifiki hata gigabaiti moja. Zilizobaki zote zilikuwa picha, na nakala ya WhatsApp: video za harusi, za maulidi, za mashindano ya ng'ombe, kutoka makundi ya ukoo na ya kazini, nyingine zimerudiwa mara tatu nne kwa sababu kila kundi limezituma.

Gigabaiti 15 za Google zinagawanywa kati ya barua, mafaili ya Drive na picha. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zilikuwa hazihesabiwi, na tangu 2024 zinahesabiwa. Watu hawakuambiwa kwa lugha wanayoielewa, ndipo wanapodhani simu ni mbovu au duka limewaibia. Nafasi ikijaa, barua mpya inarudishwa kwa aliyeituma. Wewe huioni. Chuo kinaona umekataa kupokea, mgeni aliyetaka chumba anakwenda nyumba nyingine.

Kabla ya kulipia nafasi ya ziada, fanya haya. Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio ya soga, sehemu ya kuhifadhi nakala, uondoe alama ya kujumuisha video, kisha uhifadhi nakala upya ili ile kubwa ya zamani ibadilishwe. Kwenye Gmail andika larger:10M pale pa kutafutia. Zitatokea barua zenye viambatanisho vizito tu, ufute usizozihitaji. Kisha ingia kwenye takataka ukamwage, kwa sababu barua iliyofutwa inakaa humo siku 30 na bado inahesabiwa. Wengi hatua hizi zinawatosha. Picha za familia tunakunakilia kwenye diski ya nje, na hapo tunakuomba uwe na nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Wenye nyumba za wageni na ofisi ndogo nawaombea kitu kingine zaidi, nacho ni Thunderbird. Ni programu ya bure, imekuwapo tangu 2004, na tangu 2024 ipo pia kwa simu za Android. Inazishusha barua kwenye kompyuta yako, hivyo unazisoma na kuzijibu hata mtandao ukikatika. Ukirudi, majibu yanaondoka. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima ilihangaika na intaneti, na aliyezoea kusoma imeli ndani ya kivinjari tu hakuweza hata kuona wageni wa kesho wanafika saa ngapi. Mwenye barua zake kwenye mashine aliziona. Tukikuwekea, tunatumia njia ya IMAP, ili kile unachokisoma kwenye kompyuta kionekane kimesomwa na kwenye simu.

Kama imeli yako ilifunguliwa na mtu mwingine lakini bado inafunguka, usingoje ikwame. Ilete ikiwa hai. Tutabadilisha paswedi, namba ya simu na imeli ya akiba, na tutaviondoa vifaa vyote usivyovitambua kwenye orodha. Ikiwa imeshafungika tutajaribu nawe hapahapa, kwenye simu uliyokuwa ukiitumia zamani kama bado unayo, hata iwe imevunjika kioo. Usiiuze kabla hujaja nayo. Hatuahidi kuirudisha, na tukishindwa hulipi.

Uje na simu yenye chaji, laini yako iwe ndani na inapokea ujumbe, na daftari. Ijumaa tunafunga kwa sala na tunafungua tena saa nane.