Kuongeza mafuta ya breki si kubadilisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari ya zamani, maana ndio wateja wangu wakubwa. Oili ya injini wanabadilisha kwa wakati bila kukumbushwa. Mafuta ya breki wanaongeza tu, mwaka hadi mwaka.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haichemki kabla ya nyuzijoto 205, lakini ikishaingiwa na maji ya asilimia 3.7 inaweza kuchemka kwenye 140. Kwa aina ya DOT 4 ni 230 na 155. Sasa teremka mlima mrefu mguu ukiwa kwenye breki. Mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedeli inazama hadi chini. Breki zikipoa zinarudi, gari linapelekwa gereji, mwenyewe anaambiwa halina tatizo. Hilo linaniuma sana.

Maji hayo hayo hula chuma. Nikifungua masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedeli, iliyokaa miaka na mafuta yale yale, nakuta kutu imeota upande wa mbele, ambako mpira wa ndani haufiki kwa kawaida. Ukipitisha kucha inakwaruza kama msasa. Ndiyo maana wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki sipendi mtu apampu pedeli ya gari la zamani hadi sakafuni. Mpira unasukumwa juu ya ile kutu, unachanika, na breki zilizokuwa nzima zinaanza kuvujisha. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike huko.

Kiwango cha mafuta kikishuka polepole, tazama pedi za breki kabla ya kuongeza, kwa sababu zikilika mafuta hushuka. Kikishuka ghafla panavuja, na gari lisiondoke hapo.

Kwa magari mengi, kubadilisha yote kila baada ya miaka 2 kunafaa. Fuateni aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kichupa cha mafuta ya breki, na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe kabisa na DOT 3 wala DOT 4. Kopo lililokaa wazi rafuni msilikubali. Fundi afungue jipya mbele yenu. Tena msimame hapo hapo mpaka kila gurudumu litoe mafuta masafi, maana wapo wanaonyonya ya kwenye kichupa cha juu peke yake, wakajaza mapya, wakadai malipo ya kazi nzima.

Fundi wa magari