Kwa vijana wa Wete mnaotaka kuwaandikia watoto

Wanangu, Assalamu alaykum.

Juzi mliponisomea hadithi zenu barazani nilinyamaza, mkadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa namtafuta mtoto ndani yake, simwoni. Nilimsikia mwalimu tu, anakanya.

Nikamkumbuka Beatrix Potter, mwandishi wa Uingereza. Mwaka 1893 mtoto wa mwalimu wake wa zamani, Noel, wa miaka mitano, alikuwa mgonjwa. Potter hakuwa na habari ya kumpa, basi akamwandikia barua yenye kisa cha sungura wanne, na picha akamchorea. Miaka ikapita, akataka kisa kile kiwe kitabu. Akamwomba Noel ile barua, naye alikuwa bado ameiweka! Wachapishaji wakakikataa. Mwaka 1901 akachapisha nakala 250 kwa fedha zake, na mwaka uliofuata mmoja wa wale waliokataa, Frederick Warne, akakitoa. Potter alitaka kiwe kidogo, kienee viganja vya mtoto.

Mmeniuliza kama kuna riziki humo. Yeye mwaka 1905 alinunua shamba, lakini kwa mapato ya vitabu pamoja na urithi wa shangazi yake. Basi msiache kazi zenu.

Hayo ya Noel hayakuwa mageni kwetu. Msimu wa karafuu, usiku tukichambua, bibi yangu akisema "Paukwa!" alisikiliza nani kaitikia "Pakawa" kwa sauti ya usingizi. Jina la huyo ndilo lililoingia hadithini, akapandishwa mkarafuu, akakutana na zimwi. Hakulala tena. Bibi hakuwasimulia "watoto". Alimsimulia Fulani, sisi wengine tukafaidi.

Nanyi chagueni mtoto mmoja mnayemjua. Msomeeni kwa sauti. Pale atakapoanza kuchezea ukindu wa mkeka, hapo pakateni, hata kama ndipo mlipopapenda. Wala msione haya kumwacha bibi wa hadithini aseme Kipemba chake. Kiswahili cha darasani mtoto atakikuta darasani.

Na wekeni nakala, nawasihi. Mimi nilipeleka mswada wangu wa pekee kwa mchapishaji mmoja, haukurudi. Hadi leo naukumbuka mwanzo wake tu.

Ijumaa baada ya Alasiri njooni tena barazani. Safari hii kila mmoja aje na mtoto wake.

Bibi yenu