Mshahara wa kudumu usimeze saa za ziada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wafanyakazi wengi wa viwandani na maghalani hapa Dar es Salaam, yaani kuacha kutegemea ovataimu na kuwekwa kwenye mshahara mmoja usiobadilika kila mwezi. Nayaunga mkono mabadiliko hayo, kwa kuwa niliishi miaka mingi kwa kutegemea saa za ziada, na naijua adha ya kukopa dukani mwezi ambao oda zimepungua, ilhali mwezi uliotangulia nyumbani nilikuwa mtu wa kuja kulala tu. Ila nimeona wenzangu wakisaini upesi kwa furaha ya kiwango kipya, pasipo kuuliza kiwango hicho kinalipia saa ngapi.

Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa Sh300,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inaruhusu, kwa makubaliano, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa hesabu hiyo saa moja ya ziada ni takriban Sh2,300, na akizifanya zote 50 anapata kama Sh115,000 juu ya mshahara wake. Mtu huyo akiitwa ofisini na kuambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao atapokea Sh400,000 bila ovataimu, huku saa zake zikibaki zilezile, hajaongezwa kitu; amepunguzwa Sh15,000 na kupewa mkono wa pongezi.

Saa zikirudi 45, hapo mambo ni mengine kabisa. Anapokea karibu kiasi kilekile kwa kazi pungufu, na hata ikitokea dharura ya kubaki kazini, saa yake ya ziada sasa inakaribia Sh3,100. Kiinua mgongo nacho, ambacho sheria inakikokotoa kwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kinapanda. Faida hizi zinapatikana tu ikiwa nyongeza imeingizwa kwenye mshahara wa msingi. Wapo waajiri wanaoiita posho, na kwenye hati ya mshahara ule msingi wa zamani unabaki palepale.

Husemwa pia kwamba aliye na mshahara wa mwezi hana haki ya ovataimu. Si kweli. Sheria inawatoa katika masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wanaowajibika moja kwa moja kwa viongozi wa ngazi ya juu. Kijana aliyepewa jina la msimamizi wa zamu, huku naye akisimamiwa na msimamizi mwingine, hahusiki na msamaha huo (na vyeo vya namna hiyo, visivyo na nyongeza, vimekuwa vingi mno).

Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, zikiwemo saa, na yakibadilika ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wasikubali barua inayotaja fedha peke yake. Nao maafisa kazi wanapokagua viwanda, wasiishie kwenye hati za mishahara, bali waziweke sambamba na daftari la mahudhurio la getini la miezi ileile.

Mstaafu wa kiwandani,
Mbagala, Dar es Salaam