Tuleteeni walio hai, Newton mwacheni apumzike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ya moyoni kuhusu makala yenu ya watu maarufu wenye usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna mtu anavyoongea na kuchangamana na wenzake. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, na ni mama wa kijana mwenye usonji. Gazeti lenyewe nililetewa na dereva wa bajaji, akanipa huku akisema, "Mama, habari za Karani wako hizi hapa." Karani ndilo jina la mwanangu hapa sokoni. Nitaeleza alivyolipata.

Kwanza ahsanteni kwa kuandika. Mara nyingi habari za usonji tunazipata tarehe 2 Aprili tu, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa, na picha huwa ile ile ya mtoto aliyejikunyata ukutani. Safari hii mmetuwekea watu waliofanya makubwa. Sasa mmewaweka akina nani? Newton, Mozart na Einstein. Nikaguna.

Newton alifariki mwaka 1727, Mozart 1791. Daktari Leo Kanner wa Marekani alitoa maandishi yake kuhusu watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Kabla yake, miaka ya 1920, daktari wa kike wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshaandika juu ya watoto wanaofanana nao. Newton wakati huo yuko kaburini karne mbili. Nani alimpima? Einstein alifariki 1955, naye hakuna daktari aliyemkalisha akampima. Hizi ni bashiri za watu waliosoma habari zao wakaona kwamba walikuwa wakimya, walipenda kukaa peke yao, na mavazi hayakuwashughulisha. Kwa kipimo hicho nusu ya wavuvi wa Ukerewe wana usonji.

Mtasema nachukulia mambo kwa uzito. Yupo mama mwenzangu wa Igoma ana mtoto wa miaka saba, hasemi. Zamani mawifi zake walikuwa wanamuuliza alikosa nini hadi akapata mtoto wa hivi. Sasa wamesoma magazeti, swali limebadilika: "Huyu wako kipaji chake ni nini?" Mtoto hajui hata kuvaa viatu mwenyewe, tayari anadaiwa muziki wa Mozart. Mama wa watu amepewa mtihani wa pili kabla hajamaliza wa kwanza.

Na watu walio hai, waliopimwa, wanaojieleza kwa vinywa vyao, wapo wengi. Binti yangu anasoma chuo Nyegezi, na jioni tukichambua dagaa ananisomea habari zao kwenye simu. Naomba niwataje wachache, kwa sababu nadhani mwandishi wenu hakutafuta sana.

Wasukuma wenzangu wangeanza na Temple Grandin. Alizaliwa Boston mwaka 1947, na alipita miaka mitatu bado hajasema neno. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Anasema yeye hufikiri kwa picha, maneno yanakuja baadaye. Akiwa msichana alikwenda kukaa kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, akawatazama ng'ombe. Alipokuwa mtu mzima alifanya jambo ambalo wenye machinjio walimwona kichaa: aliingia mwenyewe kwenye vipito vya ng'ombe, akainama mpaka kimo cha macho yao, akaangalia wanachokiona. Mnyororo unaning'inia. Koti la mtu limetundikwa kwenye uzio. Jua limeingia kwa upenyo na kuchora mstari chini, na ng'ombe anasimama hapo hapo, hapigi hatua, huku watu wanamchapa. Akawaambia waondoe mnyororo, waondoe koti, kisha akachora vipito vilivyopinda ambavyo ng'ombe huvifuata bila fimbo. Karibu nusu ya ng'ombe wanaopelekwa machinjioni Marekani na Kanada hupita kwenye mitambo aliyoibuni yeye. Babu yangu alikuwa na ng'ombe Kwimba. Ungemsimulia haya asingeshangaa hata kidogo, angeuliza tu kwa nini wale mabwana walisubiri mpaka mwanamke aje awaambie.

Mwingine ni Stephen Wiltshire wa London, mzaliwa wa 1974, wazazi wake ni watu wa visiwa vya Karibiani. Alikuwa hasemi. Kuchora ndiyo ilikuwa lugha yake, basi walimu wake wakamficha vifaa vya kuchorea ili alazimike kuomba. Neno likamtoka: karatasi. Walimu hao nawaheshimu, na pia nawaogopa kidogo, maana mimi kumficha mwanangu daftari lake nisingethubutu. Mwaka 2005 alizungushwa kwa helikopta juu ya Tokyo kwa muda mfupi, akashuka, akalichora jiji zima kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita 10. Mwaka uliofuata Malkia wa Uingereza alimpa nishani kwa mchango wake katika sanaa.

Na kama mnataka mtu mwenye damu ya Afrika, yupo Profesa Jason Arday. Wazazi wake walitoka Ghana. Alianza kusema akiwa na miaka 11, na kusoma na kuandika hakuweza mpaka alipofika miaka 18. Mwaka 2023, akiwa na miaka 37, aliteuliwa kuwa profesa wa sosholojia ya elimu Chuo Kikuu cha Cambridge. Fikirieni mtoto wa miaka kumi na saba asiyeandika jina lake akiwa katika shule zetu. Angekuwa wapi? Greta Thunberg wa Sweden, aliyeanza kugomea shule mwaka 2018 kwa ajili ya hali ya hewa, mnamjua. Vernon Smith, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, yeye mwenyewe amesema yuko katika kundi hili.

Lakini mmoja ndiye ninayemtaka ukurasa wa kwanza, naye hakuvumbua kitu.

Jina lake Donald Triplett, mtu wa mji mdogo uitwao Forest, jimbo la Mississippi. Alizaliwa mwaka 1933. Ndiye mtoto wa kwanza kabisa kati ya wale 11 wa Daktari Kanner, kwa hiyo mnaweza kusema faili la usonji duniani lilifunguliwa kwa jina lake. Akiwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wamweke kwenye kituo, wakamweka. Mwaka uliofuata wakaenda kumchukua, wakamrudisha nyumbani. Baba yake alikaa akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kueleza mtoto wake yukoje, na mimi ninayeandika hii yenye kurasa chache huku mgongo unaniuma, nampa heko. Donald alikua. Alimaliza shule, akamaliza chuo, akarudi kwao, akaajiriwa benki, akafanya kazi hapo miaka na miaka. Alicheza gofu. Alijifunza kuendesha gari akiwa ameshapita miaka ishirini na mitano. Alisafiri nchi nyingi peke yake. Watu wa mji aliwapa namba badala ya majina, ukikutana naye baada ya miaka anakukumbuka kwa namba yako, na watu walifurahia namba zao. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Binti yangu alipofika kwenye kipande kinachosema benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake Donald, nilicheka mpaka jirani akachungulia. Kumbe! Mimi sina benki, nina kibanda, mizani na chanja za kuanikia. Ila nilivyofikiri zaidi nikaona kitu kile kile. Yule mama alikuwa na mahali pa kumweka mwanawe akafanya kazi mbele ya macho ya watu, watu wakamzoea. Na hizo ndizo zama ambazo baadhi ya madaktari wakubwa wa Marekani walikuwa wanafundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Nadharia hiyo sayansi imeshaitupa, ingawa kwetu bado inavaa kanzu ya mganga na kutembea mitaani.

Sasa Karani. Ana miaka 23. Anaongea kwa nadra, anaandika vizuri. Tunafika mwaloni alfajiri, kabla spika za wauza dawa ya panya na kunguni hazijaanza kupayuka, kwa sababu zikianza anavaa vile vizuia sauti vya masikioni wanavyovaa mafundi wa mashine, na havimsaidii sana. Anakaa kwenye kigoda kando ya mizani. Kila gunia linaloingia analiandika kwenye kaunta buku: tarehe, jina la mtumbwi, uzito, namba ya lori linaloondoka nalo. Kabla gunia halijashonwa, anatumbukiza mkono mpaka juu ya kiwiko, anaufikisha katikati, anatulia kidogo, anautoa. Kama dagaa wa katikati wana unyevu, anasukuma gunia pembeni, na hapo hata dereva apige honi mpaka betri iishe, halishonwi. Linafunguliwa, linaanikwa upya. Wanaouza dagaa Kongo wanaelewa, maana gunia lenye unyevu linafika limevunda. Mwanzoni wanunuzi walisema kijana ana kiburi, haitikii salamu. Nikaandika kwenye boksi nikalitundika: "Salamu anaisikia. Usisubiri jibu." Siku hizi wapo wanaouliza kama gunia limepita kwa Karani, na jina limeanzia hapo.

Ameandika pia siku za mbalamwezi za mwaka mzima. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza, mwezi uking'aa taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo mwalo unapoa. Sisi wengine tunanung'unika kwa kukosa biashara, yeye ndizo sikukuu zake.

Naomba msiandike kwamba ana kipaji cha ajabu. Hahesabu dagaa kwa kuwatazama. Chenji inamtatiza. Ratiba ikivurugika bila kuambiwa, anajipiga kichwani kwa kiganja, na watu wanakusanyika na kutoa simu kama wameona ajali. Anachofanya ni kazi, anaifanya sawasawa, na ninamlipa kila wiki kama ninavyowalipa wengine, pesa anaweka kwenye kopo lake na hanikopeshi.

Nilikwenda ofisi moja kuulizia ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, ili aongezewe mtaji wake mwenyewe. Aliyenipokea alimtazama juu mpaka chini. "Mama, ulemavu wake uko wapi? Si miguu hii hapa?" Nikamwambia miguu anayo, tena miwili. Nikaondoka na fomu ambayo haikuwa na sehemu ya kuweka tiki inayomfaa.

Na hapo ndipo ninapotaka mwandishi wenu apeleke kalamu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ufukweni hapa tuna viwanda vya minofu ya sangara, mjini tuna mabenki, maghala, mahoteli, ofisi za umma. Aingie mlango kwa mlango aulize: mnao wangapi, na kati yao mwenye usonji yupo? Anafanya kazi gani? Nani alimfundisha? Akimpata hata mmoja anayepanga maboksi kwenye chumba cha baridi au anayeingiza takwimu kwenye kompyuta, huyo ndiye wa kuweka kwenye makala ijayo, picha yake akiwa kazini, siyo amejiinamia. Mama wa Igoma akisoma atajua aanze kumfundisha mwanawe nini, na wale mawifi watakosa la kuuliza.

Mkimtaka Karani naye, karibuni Kirumba, ila mje siku za mbalamwezi, mje asubuhi, na mpiga picha azime flashi. Maswali muyaandike kwenye karatasi mumpe, atajibu kwa maandishi akiwa tayari, inaweza kuchukua siku mbili. Niliwahi kumpa gazeti lenu asome akalirudisha amezungushia kalamu nyekundu makosa ya tahajia, kwa hiyo yaandikeni vizuri.

Wenu,
Mama wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza