Mwarobaini wa kwenu

Sahare, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Sahibu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, mama Zaina anakusalimu, watoto wazima, goti langu ni lile lile. Natumai shemeji na wanao hawajambo pia. Barua yako ya mwezi wa Maulidi niliipata, na kama sikuijibu usidhani nimekususa, uvivu tu. Leo nimeshika kalamu kwa sababu Mwanahawa anapanda basi la Mwanza kesho alfajiri, na mdomo wake unaujua. Nataka ulisikie kwangu kabla hajavua viatu mlangoni pako.

Nimekata mwarobaini wa kwenu.

Si wote, usiitupe barua. Matawi manne, yale ya chini upande wa jikoni. Shangazi alinipa ruhusa mwenyewe, tena akasema yalikuwa yanamzibia jua la kuanikia mpunga. Lakini ruhusa ya Shangazi ni moja na yako ni nyingine, nalijua hilo, na tangu siku ile nikipita Ngamiani nazunguka njia ya sokoni kama mwenye deni.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Bakari atakuwa amekwambia natengeneza jahazi uani. Jahazi gani, yakhe! Ni kimashua cha futi 18, upana futi 5, cha kwenda kwenye mwamba na mshipi, mimi na kijana mmoja, tupate changu wetu wawili watatu turudi jua halijawa kali. Nimechoka kupanda vyombo vya watu na kugawiwa samaki kama yatima. Nikamwambia fundi anijengee kwa kipimo changu: ubavu uwe mfupi kidogo kwa nyuma, maana goti hili haliruki tena, na anitilie ubao wa kukalia wenye nafasi ya kunyoosha mguu. Akanitazama kama nimemtusi. "Mashua haijengwi kwa goti la mtu." Tulibishana siku mbili. Ubao nimepata, ubavu nimekosa.

Mbao ni za mwembe. Mvule niliulizia bei Muheza nikarudi na daladala ile ile niliyokwenda nayo. Mkuku, ule uti wa chini, tuliulaza siku ya Alhamisi, tukasimamisha gubeti mbele na fashini nyuma, zikapigwa mbao tatu za chini kila upande, mambo yakawa mazuri mpaka tulipofika kwenye mataruma, zile mbavu za ndani zilizopinda. Hapo ndipo nilipojua kwamba fedha si kila kitu.

Wewe ulikimbilia vitabu, kwa hiyo huenda hukumbuki. Taruma halipindwi, na wala halichongwi kutoka kwenye ubao ulionyooka. Ukilichonga kona kutoka ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika pale pale penye kona, na wimbi la kwanza la maana linalivunja. Taruma linatafutwa mtini likiwa limeshajipinda lenyewe tangu lilipokuwa kitawi. Zamani ungekwenda mikokoni ukachagua. Siku hizi ukionekana na panga kule bila kibali, unalala ndani. Basi fundi akakata kigezo cha plaiwudi kwa mpindo anaoutaka, tukaanza kutembea mtaa kwa mtaa tukiangalia juu, yeye akiinua kigezo chake kwenye kila tawi, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, tunasonga. Watu wakadhani ni wa umeme tumekuja kukata matawi yanayogusa nyaya. Bibi mmoja pale Mikanjuni akatuletea chai.

Siku ya tatu tukafika kwenu. Fundi aliinua kigezo mara moja tu. Wallahi, Athumani, kilikaa kwenye tawi lile kama kilipimwa hapo. Akakiinua kwenye la pili, vile vile. Nikamwona anacheka, na mtu yule hacheki.

Kuna jambo moja ambalo Mwanahawa hatakwambia kwa sababu halijui. Lile tawi nene tulipolishusha chini nikaona mfuo umelizunguka, laini, upana wa kidole. Nilisimama kidogo nisielewe. Ni kamba ya bembea ya marehemu mama yako. Bembea aliyokulaza wewe, na wadogo zako wote, na mimi siku zile mama yangu alipolazwa hospitali ya Bombo. Tawi lilikua likaizunguka kamba, kamba ikaoza, alama ikabaki. Sasa ni taruma la nne kutoka gubetini, upande wa kushoto. Nilimkataza fundi asiupitishie tezo. Akanung'unika kwamba maji yatakaa pale na mbao itaoza. Nikamwambia aache, nitapafuta mwenyewe kwa kitambaa. Pengine ana haki, sijui, lakini sikuweza.

Tunaendelea. Misumari nimepata ile ya kupakwa zinki, kila mmoja tunauzungushia uzi wa pamba shingoni uliochovywa mafuta kabla ya kuupiga, na tundu linatobolewa kwanza kwa keekee ili mbao isipasuke. Kazi ya kalafati fundi ameniachia nifanye mwenyewe upande mmoja, nadhani kwa kuniadhibu. Unasokomeza pamba kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao, unasikiliza. Ikilia mlio mnene, bado. Ikilia mkavu, imejaa. Magharibi nikiingia ndani masikio bado yanagonga. Mama Zaina haongei nami kwa ajili ya harufu ya sifa, mafuta tunayopaka mbao. Anasema nyumba nzima inanuka ini la papa na nguo za harusi ziko kabatini. Huyu ni mtu aliyezaliwa Mwambani, pwani kabisa!

Mpwa wangu anataka tukate nyuma tufunge mashine ya farasi 15. Mimi nataka tanga. Hili tuliache, tutagombana hata kwenye barua.

Nyuma ndiko kwenyewe nilikotaka kufika, na nimekuwa nikizunguka. Mataruma ya katikati yamekamilika. Yaliyobaki ni mawili ya mwisho, yale ya karibu na fashini, ambapo mashua inabana. Pale hapahitaji mpindo, panahitaji panda, miguu miwili ya mti iliyotoka shina moja. Na fundi ameshaliona analolitaka, aliliona siku ile ile, akanyamaza makusudi. Ni lile panda la juu ulilokuwa ukikaa ukijificha usiende chuoni, mwalimu anakuita chini na wewe unamdondoshea kokwa.

Hilo sijaligusa. Hilo siwezi kulikata kwa ruhusa ya Shangazi. Likitoka, mti unabaki na kichwa kifupi, sura yake ya zamani imekwisha. Utachipua, mwarobaini hauna makuu, lakini hautachipua panda lile. Fundi anasema tunaweza kuunganisha vipande viwili kwa bolti. Anasema huku akitema mate, kwa hiyo jibu lake nalijua.

Muda nao unanibana. Fundi anarudi kwao Moa kabla ya Ramadhani, na mimi nataka kuishusha majini kwenye bamvua la mwezi mpevu, maji yakijaa sana, kaskazi ingalipo. Masika yakianza na kusi likishika, mashua itabaki uani inapasuka kwa jua la mchana na kuloa usiku. Hata sasa kila jioni naimwagia ndoo za maji na kuifunika magunia. Na ikishaingia majini ndipo kazi ya milele inaanza, kuipweleza, kuichoma tumbo kwa makuti makavu, kuipaka shahamu na chokaa, la sivyo wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wanaigeuza chekecheke. Huko ziwani hamuwajui, maji yenu hayana chumvi.

Sasa nijibu. Nilikate au nisilikate? Umenikasirikia kwa yale manne? Ndugu zako wengine niwaandikie pia, au wewe ndiye msemaji? Lile deni la Bakari alilipa? Likizo yako ni lini, na ukija utapanda, au bado unatapika kama safari ile ya Kigombe? Na keekee ya marehemu baba yako iko wapi, kwako au kwa Shangazi, maana ya fundi imekatika uzi mara tatu wiki hii?

Piga kwa simu ya Shangazi, yangu imeingia maji. Ukikubali mwambie yeye mwenyewe, mimi siku hizi ananiona mwizi wa miti.

Wako,
Mbwana

Nimesahau: kuku wa mama Zaina ametaga mayai sita ndani, pale kwenye taruma la nne. Fundi amehamia upande wa pili mpaka aatamie amalize.