Shukrani kwa dada aliyenikuta nimekwama mlimani

Jamani naomba niseme hapa maana hata jina lake sikupata. Jumamosi nilikuwa nazunguka mlima kwa baiskeli, kwenye ile lami inayopita nje ya hifadhi, ndani baiskeli haziruhusiwi, kwa hiyo ukiharibikiwa upande wa nyuma wa mlima njia ya mkato hamna. Kwenye mteremko tairi la mbele likachanika ubavuni, tyubu ikapasuka, netiweki hakuna na ukungu unashuka.

Yule dada alikuwa anapanda, akageuza. Kwanza akanitoa kwenye kona, magari yasingetuona pale. Akapitisha kitambaa ndani ya tairi polepole mpaka akakuta kijiwe kimeng'ang'ania, mimi ningeweka tyubu mpya na ingetoboka tena palepale. Akatoa kipande cha tairi kuukuu akakiweka kwa ndani palipochanika, halafu tairi lenyewe akalihamishia nyuma, akasema likipasuka nyuma bado unaweza kuimudu baiskeli, likipasuka mbele unaanguka. Na tyubu alinipa yake ya akiba, alikuwa nayo hiyo moja tu!

Akashuka na mimi mpaka chini penye nyumba, kila tukikaribia kona ananiambia funga breki sasa, achia, usizibane muda wote rimu zitapata moto. Ndo akageuka kuupanda mlima wote upya.

Dada, kama unasoma hii, nitafute, tyubu yako mpya ninayo. Na nyie mnaozunguka huko, mkimwona mtu kasimama pembeni, simameni mumuulize.