Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Bustani: nyuki wamo tayari, wapate mwangalizi

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu ombi la kuweka mizinga minne katika bustani ya umma, ambalo idara yako imelisimamisha kwa hofu kwamba watu wataumwa. Hofu hiyo siibezi. Watoto wanacheza pale, wazee wanapumzika pale, na wapo watu ambao mwiba mmoja tu unatosha kuhatarisha maisha yao.

Lakini nyuki wamo bustanini tayari. Pita kwenye matuta ya maua jua likishapanda, utawaona wamebeba chavua miguuni, mmoja baada ya mwingine. Nyuki anaweza kuruka kilomita tatu na zaidi kufuata mbochi, yaani utomvu mtamu wa maua, hivyo kukataa mizinga hakumzuii kuja. Kunachofanya ni kumwacha ajitafutie makao kwenye pango la mti au juu ya dari la stoo, asikokaguliwa na yeyote.

Matokeo yake tuliyaona msimu uliopita. Kundi lilitua kwenye tawi karibu na lango, wakaitwa wapuliza dawa, na jioni nyuki walikuwa wamelala chungu nzima chini ya mti. Iliniuma sana, kwa sababu haikuwa lazima. Kundi lililo safarini kwa kawaida ni pole: halina sega, majana (watoto wa nyuki) wala akiba ya kulinda. Nyuki wameshiba asali ya njiani, wamemzunguka malkia, wanasubiri wapelelezi walete habari za makao mapya. Mfugaji mwenye sanduku tupu angelikung'uta tawi lile, akangoja waliobaki waingie, giza likianza akaondoka nao.

Sasa mizinga ikae wapi? Kona ya mbali, pasipo njia wala benchi, nyuma ya ua wa miti wa mita mbili. Nyuki akitoka mlangoni akakutana na ua huo hupaa, na safari yake yote hupita juu ya vichwa vya watu. Beseni la maji lenye kokoto za kusimamia liwepo tangu siku ya kwanza, maana wakishazoea bomba la watoto kuwatoa pale ni kazi. Ukaguzi ufanywe bustani ikiwa imefungwa: nyuki akichoma huacha harufu inayokaribia ya ndizi mbivu, nayo huwachochea wenzake washambulie palepale. Na kundi likionekana kali, libadilishiwe malkia, aletwe wa ukoo mpole. Nyuki kibarua wa msimu wa kazi huishi takribani wiki sita, kwa hiyo haipiti miezi mingi kabla mzinga haujajaa mabinti wa malkia mpya.

Haya si majaribio. Katika bustani ya Luxembourg, katikati ya Paris, mizinga ya kufundishia iliwekwa mwaka 1856, na hadi leo watu hujifunza ufugaji wa nyuki pale.

Nimesema minne, na nitapinga arobaini. Wapo nyuki wa mwituni wasio na mzinga wala asali ya kuvuna, wengi wakiishi peke yao kwenye vishimo vya ardhini au mabua makavu, na wanategemea maua hayohayo. Tukijaza mizinga tutawanyang'anya chakula. Waachiwe pia kipande cha ardhi kisichofunikwa kwa saruji wala majani makavu.

Lililo gumu kwa idara, nadhani, ni dawa za wadudu. Maua yaliyochanua yasipuliziwe kabisa. Bila hilo, afadhali mizinga isiletwe.

Kwa hiyo naomba uidhinishe mizinga hiyo, na hata kabla ya hapo, walinzi wa malango wapewe namba ya simu ya mfugaji wa kuitwa kundi likitua. Hilo la pili halihitaji bajeti wala kikao. Tafadhali lifanyike kabla miti haijachanua, kwa kuwa huo ndio wakati makundi huanza kuhama.

Wako katika ujenzi wa bustani yetu,
Mfugaji nyuki